Ubeti wa Mpagazi na Kofia ya Mzee Mfaume

Magomeni, Dar es Salaam
8 Januari 1985

Kwa Shangazi Mwanne, uliyenilea,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani unamenya karanga, na lile goti la kulia limeacha ukaidi wake. Mimi mzima. Kazi ya kupakua mizigo bandarini inaendelea na kitambulisho cha kazi natembea nacho saa zote, kwa hiyo usiwe na hofu ya kusikia nimekamatwa barabarani kama mzururaji nikapelekwa kijijini kulima. Sabuni huku ni ya foleni. Nimepata mche mmoja na nusu, na hiyo nusu nimempa Kasimiri akuletee. Kasimiri ni mhudumu wa behewa la daraja la tatu, mrefu, ana pengo. Akikuambia sabuni imepotea njiani, mnuse mikono.

Jumapili nashinda na vijana wa Kizaramo hapa mtaani. Wana redio yenye sehemu mbili za kanda. Upande mmoja unapiga muziki wa Marekani usio na mwimbaji, upande wa pili unarekodi, na wao wanasema mashairi kwa kasi juu yake. Wenyewe wanaita rapu. Mimi wamenipa jina la Mpagazi, kwa sababu ni Mnyamwezi na kwa sababu ya kazi yangu. Si uhuni, Shangazi. Ni kughani tu, ila ukikohoa umeharibu.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Hiyo ni posa yangu. Nakuomba umpelekee jirani yetu Mzee Mfaume, namposa binti yake Mwanajuma. Tumesikilizana mimi na yeye tangu nilipokuja Idi. Wazazi wangu hawapo, wewe ndiye baba na ndiye mama, hakuna mwingine wa kunisimamia.

Nacheka peke yangu nikifikiria. Miaka yote hiyo wewe na Mzee Mfaume mnarushiana maneno juu ya ua wa minyaa, Mnyamwezi na Mzaramo, watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu za watu kichwani. Siku akiijibu posa mnakuwa wakwe, na mkwe hataniwi. Itabidi umsalimu kwa adabu, Shangazi. Anza kujizoeza!

Niandikie upesi, na usiache kunipa vituko vyake. Wenzangu wananiomba niwasomee.

Mwanao asiyekusahau,
Lukumani


Ng'ambo, Tabora
26 Januari 1985

Mwanangu Lukumani,

Marahaba. Sabuni imefika, na Kasimiri nimemnusa. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Mvua zimenyesha vizuri, karanga zimesimama, ila kuta za choo zimelala chini na mpaka leo naazima choo cha Sikuzani, yule mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Nakutumia matobolwa mfuko mmoja, viazi vitamu nilivyovianika mwenyewe. Usiwape Wazaramo wako yote.

Umeuliza vituko vya Mfaume. Mwanangu, tangu amestaafu reli vituko vya yule mtu haviishi. Unajua alipoagwa alipewa bendera mbili za kuongozea treni, akaondoka nazo na kofia na filimbi. Sasa bendera ziko dirishani mwa jiko lake. Mkewe Mwanahawa akisonga ugali ukaiva, Mfaume anatoa ya kijani, watoto waingie. Ukiungua anatoa nyekundu, na hakuna mtu kuvuka kizingiti. Jioni anapiga filimbi kuita kuku. Jogoo mmoja alichelewa dakika kumi, nikamwambia Mfaume amwandikie barua ya kumtaka ajieleze. Akanijibu kwamba kwetu Unyamwezi barua haziandikwi, zinabebwa kichwani.

Na ile kofia! Haivui. Miaka ishirini na miwili tumepakana na sijawahi kuona kilichomo. Mwanahawa ameniapia kwamba anaingia nayo bafuni. Akienda msikitini huibadilisha na kofia ya viua nyuma ya mlango, upesi upesi, asionekane. Mimi nasema chini yake kuna tiketi za abiria aliowasahau Kigoma. Nilimwambia hivyo jana, akakaa chini kwa kucheka, halafu akanitukana mpaka ikafika saa ya kuswali. Ilikuwa siku nzuri.

Posa yako imefika salama, haikulowa wala haikukunjika. Mambo ya posa yana muda wake, usinisukume.

Kula ushibe, na usilale na fulana mbichi.

Shangazi yako,
Mwanne


Magomeni, Dar es Salaam
17 Februari 1985

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Matobolwa yamefika, yameliwa, na Wazaramo wamekiri kwamba Wanyamwezi wana akili katika jambo moja. Hapa nilipigwa na homa siku tatu, nimepona. Pole kwa choo.

Nina habari ya furaha. Jumapili iliyopita wale vijana walinialika niweke ubeti wa mgeni katika kanda yao. Wao watatu wanafungua, kila mtu na ubeti wake, kisha mgeni anaingia mwishoni. Kualikwa hivyo ni heshima, kwa sababu kanda yenyewe ni moja tu, na wameirekodi juu ya kanda ya tarabu ya mama yao mdogo ambaye hajajua. Tulisimamisha godoro mlangoni ili kinu cha jirani kisisikike. Betri tulizianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu, na zilikuwa na nguvu ya dakika nane, hakuna kurudia. Mmoja anaanza kwa sauti ya mtangazaji: "Leo Jumapili, tarehe kumi Februari," halafu mdundo unaingia.

Basi wale vijana kila mmoja ubeti wake wote ulikuwa wa kunitania mimi, kwamba Mnyamwezi akipanda basi mzigo anaendelea kuubeba kichwani, na mengine. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimesahau kila nilichoandaa. Nikasema maneno mawili matatu ya kawaida. Walianguka kwa kicheko, na sasa wamenialika kanda ya pili na ya tatu.

Kuhusu posa, umesema imefika, nami nashukuru. Mzee amesemaje? Kuna maneno kwamba karani wa tumbaku wa Urambo, yule Shaban mwenye pikipiki, anapita sana mtaani kwetu. Anatafuta nini?

Mwanao,
Lukumani (Mpagazi)


Ng'ambo, Tabora
20 Machi 1985

Lukumani,

Salamu nimezipokea. Choo kimejengwa. Goti halijambo. Tumepata sukari kilo moja moja katika duka la ushirika na mimi nilisimama foleni tangu alfajiri. Nimemaliza habari za nyumbani, sasa nisikilize.

Kasimiri wako amekuja na kanda. Hakuniletea mimi. Ameipeleka hotelini kwa Sikuzani, ambako kuna redio ya kanda, kuna benchi nne, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi reli hunywa chai pale. Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria. Nikasikia tarehe ikitangazwa, nikasikia vijana wakikohoa mashairi, kisha nikasikia sauti ya mtoto niliyemlea kwa uji wa ulezi:

Mpagazi nimefika, mgeni nipisheni,
Nina mzee wa Kizaramo, mstaafu wa stesheni,
Kofia yake haivui, hata akiwa bafuni,
Kuku wakichelewa, filimbi yalia uani,
Ugali ukiiva, bendera ya kijani,
Ukiungua, nyekundu! Hakuna kuingia jikoni!

Maneno mawili matatu ya kawaida! Maneno hayo nayajua, Lukumani. Nimeyaona kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hujabadilisha hata kuku.

Hoteli nzima iligeuka kumtazama mtu mmoja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, chai mkononi, kofia kichwani. Aliomba irudishwe nyuma. Ikapigwa tena. Akaomba mara ya tatu. Kisha akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaondoka, na chai akaiacha nusu. Mfaume hajawahi kuacha chai.

Na wewe ulikuwa umeshaandika posa! Mtu anaandika "baba mkwe mtarajiwa" kwa wino, halafu mwezi unaofuata anamvua nguo mbele ya mji mzima? Ulimi wako umekuwa mrefu huko Dar. Mimi sijui nitauweka wapi uso wangu.

Shaban amepita mara mbili na pikipiki. Alisimama kuuliza njia. Mtu wa Urambo anayekuja Tabora kila wiki hajui njia.

Shangazi yako aliyekasirika,
Mwanne


Magomeni, Dar es Salaam
4 Aprili 1985

Shangazi,

Shikamoo mara mbili, moja ya kawaida na moja ya kuomba radhi. Mimi mzima wa mwili tu. Ile barua yako niliisoma nimesimama bandarini, na nikaliachia gunia la mchele likaangukia mguu wa msimamizi. Ameniahidi mengi.

Nimekosa, sikatai. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati, wale vijana walikuwa wamenikamata kooni, betri zinakufa, nikakamata nilichokuwa nacho. Sikufikiri kanda ingepanda treni. Kasimiri aliniomba aisikilize njiani tu. Nisaidie, Shangazi. Nikimkosa Mwanajuma kwa ajili ya mistari sita, sitaghani tena maisha yangu yote.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Nimezitandaza barua zako kitandani nikazisoma upya. Umeniandikia kofia, kuku, bendera na jogoo aliyechelewa. Hakuna mahali umeandika Mzee Mfaume alisema nini siku alipoipokea posa yangu. Hata kama alinyamaza ungeniandikia alinyamaza vipi, nakujua.

Na juzi nimepata barua ya Mwanajuma. Baada ya salamu anauliza hivi, nakunakilia kama alivyoandika: "Utaleta posa lini, au umepata mwingine huko? Shaban ametuma watu wake waulize kama mlango uko wazi."

Shangazi, posa iko wapi?

Lukumani


Ng'ambo, Tabora
22 Aprili 1985

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama. Mvua zinaaga. Mwanahawa alikuwa na jino, limeng'olewa.

Naomba uandike barua nyingine ya posa, maneno yale yale, karatasi nzuri. Usiweke tarehe. Ile ya kwanza panya wameitafuna kidogo, kwenye kona ya juu upande wa kulia. Kwingine haijaguswa. Mpe Kasimiri aje nayo mkononi, na afunge mdomo pamoja na pengo lake.

Usiniulize kitu. Ramadhani inakaribia na nina kazi nyingi.

Mwanne


Magomeni, Dar es Salaam
1 Mei 1985

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya wafanyakazi, tumeandamana tangu asubuhi na miguu inawaka moto. Mguu wa msimamizi umepona, na tunaongea.

Hao panya wa Tabora nimewasifia kwa wenzangu wote. Panya anayeikuta barua nzima, yenye gundi ya bahasha tamu, akaacha yote akala tarehe peke yake, huyo apelekwe chuo kikuu.

Sitaandika nyingine. Si kwa ukaidi. Nilipoiandika ile kila neno nililipima. Nikiandika ya pili isiyo na tarehe itakuwa ya uongo, na sitaki kuingia nyumba ya watu kwa uongo. Nimeshaingia kwa matusi, inatosha.

Kwa hiyo nakuuliza jambo nililoogopa kukuuliza, na usinijibu kwa habari za goti. Je, hutaki nimuoe Mwanajuma? Kama humpendi, niambie. Wewe ndiye uliyenichukua nikiwa sijui hata kujifunga kamba za viatu, na sitaoa mtu ambaye wewe hutaki kumwona jikoni kwako. Nitaumia, lakini nitakusikia. Ila kama unamtaka, wazee wa Shaban watafika Jumanne ya tarehe kumi na nne, Mwanajuma ameniandikia. Amesema akiulizwa na baba yake hatakuwa na la kusema, maana kutoka kwangu hakuna lililofika.

Mwanao,
Lukumani


Ng'ambo, Tabora
14 Mei 1985

Lukumani mwanangu,

Marahaba, na hii ndiyo marahaba niliyoitoa kwa haya kuliko zote. Goti silitaji. Habari za nyumbani zote zimo ndani ya hadithi hii, kwa hiyo kaa chini, weka gunia la watu pembeni, usome.

Posa yako ilikuwa sandukuni kwangu. Tangu ile wiki ya Januari ilikuwa chini ya khanga zangu za Idi, imekunjwa vizuri, na panya hawapo. Mwanajuma nampenda. Ningemchagua mimi mwenyewe kama ungeniachia kuchagua. Barua yako ya Mei Mosi niliisoma mara moja tu, nikalia, nikasimama, nikavaa buibui. Sikutaka kungoja ujasiri wa kesho.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa. Nilimchukua mzee mmoja wa msikitini na mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Yoramu. Yeye ni Mmoravian lakini hakosi shughuli hata moja, na daftari lake. Tukapiga hodi. Mfaume akatukaribisha na maneno yake ya kila siku, akaniuliza kama leo nimebeba watu wawili wazima kichwani. Sikumjibu. Akashangaa. Nikaweka bahasha juu ya mkeka.

Aliifungua, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Hakuvuka mstari wa kwanza. "Tarehe nane Januari," akasema. "Kanda ilitaja tarehe kumi Februari. Nimeisikiliza mara tatu, naikumbuka."

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia mwezi wa tatu. Siku ile aliyoacha chai, Mfaume hakwenda kwake. Niliporudi tu nyumbani alikuja mbio kwangu, akashika mnyaa wa uani kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Mwanne, yule mtoto wako amenipata! Mtani wa kweli huyo!" Nilikuacha ujione umeharibu, ili usiniulize posa. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine.

Lakini Alhamisi hakucheka. Alisema, "Mtani akinitukana ananipa heshima yangu. Mkwe akinitukana ananivunjia. Kijana huyu ameandika posa kwanza, ametukana baadaye. Hiyo mimi siipokei."

Nikasema, "Mfaume, wewe ni mtu wa reli. Treni unaihesabu imefika ikiondoka Dar, au ikigusa stesheni yako?"

"Ikigusa stesheni."

"Basi posa imekugusa leo. Mwezi wa pili mtoto alikuwa mtani wako."

Bwana Yoramu akaandika. Mfaume akaivua miwani. "Sawa. Lakini treni ya Januari kufika Mei ni lazima ilisimama mahali. Kama kijana aliiweka mfukoni miezi minne, akawa ananikejeli huku ana posa yangu kwenye shati, huyo simpi binti. Nataka kujua ilisimama wapi."

Mwanangu, pale ndipo ulipokuwa unampata mke au unamkosa. Mwanajuma alikuwa nyuma ya pazia, niliiona miguu yake. Nilifikiria panya. Nilifikiria posta. Kisha nikasema, "Ilisimama kwangu. Sandukuni. Yeye aliileta kwa wakati na mimi nikaizuia, na yeye hajui."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli mbele ya mzee wa msikiti na mbele ya daftari la Bwana Yoramu. Nikasema, "Kwa sababu nikikupa hiyo barua, kesho yake nakuita mkwe wangu. Miaka ishirini na miwili, mume wangu amekufa, kaka yangu amekufa, na kila asubuhi nimeamka nina mtu wa kumtukana. Sikutaka iishe."

Mwanahawa aliacha kumenya viazi. Mfaume aliitazama barua, akaitazama, nikajua nimekuharibia.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Watu wa Shaban nimewaambia waje baada ya huu mwezi, kisha baada ya mwezi mwingine, mpaka nimechoka kuwadanganya. Binti yangu anamtaka nani, nyumba nzima inajua. Mimi mwenyewe sikutaka kuuliza mbona posa haiji." Akamgeukia mjumbe. "Andika. Posa imefika leo. Nitaijibu Jumatatu asubuhi. Mpaka nijibu, huyu mwanamke ni mtani wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Jumapili, baada ya alasiri, njoo uani. Uje umekula."

Mtaa mzima ulisikia, hujui ulisikia kwa nani, nami nasema kwa Mwanahawa. Jumapili saa kumi Sikuzani alileta redio yake ikawekwa juu ya kigoda katikati ya ua wa minyaa, nusu kwetu nusu kwao. Betri zilikuwa zimeanikwa tangu asubuhi, Mwanajuma alikataa tuanze bila hivyo, alisema wewe ndivyo ulivyomfundisha. Yeye ndiye aliyebonyeza. Mfaume akatangaza mwenyewe, "Leo Jumapili, tarehe kumi na mbili Mei," utadhani ni mmoja wa wale vijana wako. Watu walikaa juu ya vinu.

Sitakuandikia yote, utasikia. Nilianza na tiketi za Kigoma. Nikaja kwenye minazi ya kwao, nikaja kwenye filimbi. Yeye akajibu kwa kughani, Lukumani, kwa kasi, mguu unapiga chini! Alikuwa amejifunza kutoka kwenye ubeti wako:

Mwanne wa Unyanyembe, kichwa hakipumziki,
Kiberiti kimoja tu, kichwani hakidondoki,
Amebeba umbea wa mtaa, na shingo haivunjiki,
Barua moja ya posa, hatua kumi, haifiki!

Watu walilala chini. Bwana Yoramu alidondosha daftari. Mimi nilicheka mpaka nikashika ua. Nikampa moja, akanipa moja, jua likawa linashuka na hakuna aliyetaka kwenda kupika. Nilikuwa nimebakiza moja, ya kofia, nimeitunza miaka. Nikafungua mdomo, na adhana ya magharibi ikaanza. Mfaume akainua mkono. Mwanajuma akabonyeza, redio ikanyamaza. Watu wakaondoka mmoja mmoja, taratibu, kama wanatoka mazikoni.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya mlango. Mfaume akaja kwa njia ya mbele, siyo kwa ua, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya reli. Alikuwa na majibu ya posa mkononi. Amekubali, mwanangu. Harusi ni Mfunguo Mosi, omba likizo kwa yule mwenye mguu, na wazee wa Shaban wamepelekewa habari wasipoteze petroli.

Akanikabidhi barua kwa mikono miwili. Kisha akasimama wima, kama walivyofundishwa reli kumsalimu mkubwa, akaivua kofia. Akaiweka kifuani, akasema, "Umeamkaje, mkwe wangu?"

Nilikiona. Miaka ishirini na miwili, nikakiona, mchana kweupe, hatua mbili kutoka usoni kwangu. Na sikuwa na ruhusa ya kusema neno.

Nikasema, "Nimeamka salama, mkwe wangu. Nyumbani hawajambo?" Akasema hawajambo. Akavaa kofia yake akaenda. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikashika kitanda, halafu nikalia kilio cha kweli, na ufagio bado mkononi. Leo asubuhi amepiga filimbi ya kuku, nikafika mpaka uani na neno mdomoni, nikarudi.

Kanda anakuletea Kasimiri. Furahi, oa, uzae, na ughani upendavyo, ila baba mkwe wako sasa usimguse. Na hiyo kanda usirekodi kitu juu yake, hata Wazaramo wote wa Magomeni wakupigie magoti. Mimi na yeye tumebaki humo tu.

Shangazi yako, na sasa mkwe wa watu,
Mwanne

Kuhusu kichwa usiniulize. Nina adabu zangu.